Viumbe Hawajasoma Desa

Anayesoma sheria akitoka darasani, sheria hubaki ilipo. Anayesoma uhasibu akifunga daftari, hesabu zake hulala humo mpaka kesho, hazitoki usiku kutafuta ndizi. Sisi wa baiolojia tulijisajili kusoma vitu vyenye miguu, mabawa, miiba, mkojo na maamuzi yao wenyewe. Hakuna aliyetuonya.

Kisa chote ni desa. Kwa asiyepita vyuo vyetu, desa ni yale makaratasi yaliyotolewa kopi kwenye kopi ya kopi, mwaka wa tatu wakamrithisha mwaka wa pili, mwaka wa pili wakamuuzia mwaka wa kwanza, mpaka herufi zote zenye tundu zimeziba. Ndani ya desa kila kiumbe ni mstaarabu. Chura amelala chali kwa adabu, ini limechorewa mshale, moyo uko katikati, utumbo umejikunja kwa zamu. Ukikesha naye kwenye kimbweta cha kujisomea mpaka adhana ya alfajiri, unaondoka ukiamini mmeshafahamiana. Kisha unaingia maabara, unakabidhiwa chura mwenyewe, na unabaini kwamba mwenzako hajafungua desa hata ukurasa mmoja.

Chura wa kikundi chetu alikuwa jike, na msimu ulikuwa wa mvua. Tulipompasua hatukuona ini, hatukuona figo, hatukuona wengu. Tuliona mayai. Mayai meusi, madogo, yasiyo na mwisho, yamejaza kila pembe mpaka mengine yakaanza kumwagika kwenye sinia. Swali la kwanza la prakitiko lilisema: "Onyesha wengu." Mwenzetu mmoja, mtoto wa Mlimba aliyekulia na vyura mlangoni, akatuambia kwao ukiona hivyo unajua mvua zimekolea. Maelezo mazuri, lakini hayakuwa na maksi. Fundi sanifu wa maabara, mzee aliyeona vizazi vingi vya wanafunzi na vizazi vingi zaidi vya vyura, alipita mezani kwetu, akachungulia juu ya miwani, akasema, "Hapo mmefungua wodi ya wazazi," akaenda zake kunywa chai.

Hata jina la chura huyo halikutulia. Desa lilimwita Bufo, kwa sababu lilizaliwa zamani. Mwaka 2006 wataalamu wakawahamisha vyura wengi wa Afrika kutoka jenasi hiyo, wetu wakaangukia Amietophrynus, jina ambalo mwaka wa kwanza walikuwa bado wanajifunza kulitamka ilipofika 2016 na kuhamishwa tena kwenda Sclerophrys. Kitabu cha maktaba kikawa na jina la pili, mhadhiri akataka la tatu, desa likang'ang'ania la kwanza. Baada ya jaribio, watu waligombana kwenye vimbweta karibu washikane mashati. Mhusika mwenyewe, dume wa aina hiyo, muda wote huo alikuwa kwenye mtaro wa nyuma ya bweni, anaita jike usiku kucha, hana taarifa yoyote ya uhamisho.

Ukitaka kulia kabisa, soma habari za mgunga. Ule mti wa kofia bapa ambao twiga anautafuna kwenye kila kalenda ya Serengeti, dunia nzima iliujua kwa jina la Acacia. Wataalamu wa mimea walipokutana Vienna mwaka 2005 wakaamua jina hilo libaki kwa ndugu zake wa Australia, ambao ndio wengi. Waafrika wakapinga. Suala likarudi mkutanoni mwaka 2011, na mkutano huo ulifanyika Melbourne. Yaani kikao cha mirathi kilikaa sebuleni kwa mrithi mmoja. Jina likaenda, migunga yetu ikagawanywa kati ya Vachellia na Senegalia. Wakati huohuo, mende mkubwa wa jikoni, ambaye asili yake ni Afrika, Linnaeus alishamwandikisha mwaka 1758 kuwa Blatta americana, ambaye leo ni Periplaneta americana. Kwa hiyo mti wetu wamepewa Waaustralia, na mende wetu wamepewa Wamarekani. Hilo la pili sikulikatia rufaa.

Mikroskopu nayo ina vitimbi vyake. Robert Hooke alitazama kipande cha gome la mti mwaka 1665 akaona vyumba vidogo, akaviita seli, na jina lake likaingia kwenye vitabu. Jirani yangu wa mezani alitazama utando wa kitunguu akaona duara safi, lenye ukingo mweusi uliokolea. Akalichora kwa penseli iliyochongwa vizuri, bila kivuli, kama kanuni zinavyotaka, akaandika majina: ukuta wa seli, saitoplazimu, kiini. Mhadhiri msaidizi akaweka jicho, akagusa kioo kwa ncha ya sindano. Seli ikahama kuelekea kusini, ikapasuka. Kilikuwa kiputo cha hewa. Mchoro wake lakini ulikuwa mzuri kuliko wote, na mpaka leo sijaona kiputo kilichopangiwa viungo vya ndani kwa uangalifu ule.

Kwenye bakteria tulitumia mbinu ya Hans Christian Gram ya mwaka 1884: unaweka rangi ya zambarau, unaweka ayodini, unaosha kwa alkoholi, kisha rangi nyekundu. Bakteria wenye ukuta mnene hubaki na zambarau, wengine huipoteza na kuwa waridi. Vidole vya mwanafunzi viko kundi la kwanza. Sabuni ya mche haikufua dafu, ndimu haikufua dafu. Nilipompa konda wa daladala nauli, aliutazama mkono wangu, akawageukia abiria. "Jamani, msomi ameshapiga kura! Uchaguzi lini hata sisi hatujaambiwa?" Nilishuka vituo viwili kabla ya kwangu.

Prakitiko iliyofuata ilivunja urafiki. Kila mmoja alitakiwa afute sehemu anayoitaka kwa pamba safi, apake kwenye sahani ya agari, tuiache kwenye joto la nyuzi 37 tuone kitakachoota. Watu walichagua maadui: mmoja alikwenda kwenye kitasa cha choo, mwingine kwenye kiti cha daladala, mwingine kwenye noti ya shilingi mia tano. CR wetu, yaani kiongozi wa darasa, kijana nadhifu anayepiga pasi hata soksi, alichagua simu yake ili tupate sahani safi ya kulinganishia. Asubuhi sahani ya kitasa cha choo ilikuwa na madoa machache ya kujificha. Ya simu ya CR ilikuwa jiji zima lenye vitongoji. Tangu siku hiyo watu walimsalimia kwa kupunga. Ilielezwa darasani kwamba bakteria wengi wa ngozi hawana madhara, na kila mtu aliitikia kwa kichwa, lakini hakuna aliyeazima tena simu yake apige.

Sahani ya kikundi chetu iliota ukungu. Alexander Fleming naye mwaka 1928 aliacha sahani zake mjini London akaenda likizo, akarudi akakuta ukungu umeingia na bakteria waliouzunguka wamekufa. Akaipata penisilini, na mwaka 1945 akapewa tuzo ya Nobeli pamoja na wenzake wawili. Sisi tuliitazama yetu kwa matumaini makubwa. Bakteria waliouzunguka ukungu wetu walikuwa wazima, wamenenepa, wanaishi na jirani yao kwa amani. Tukapewa C.

Lakini hayo yote ni utangulizi. Mtu hajasoma baiolojia mpaka afuge inzi.

Inzi wenyewe ni wale wadogo wanaozunguka ndizi mbivu, Drosophila melanogaster. Katika desa ni mnyama wa kupendeza: anakula chochote kilichoiva, kizazi kinakamilika kwa muda wa siku 10 hivi, na kwa sababu yake Thomas Hunt Morgan, aliyemkuta dume mwenye macho meupe katika maabara yake New York mwaka 1910, alionyesha jinsi jeni zinavyokaa kwenye kromosomu, akapata Nobeli mwaka 1933. Tulitakiwa turudie kazi yake: majike wenye macho mekundu na madume wenye macho meupe, kisha watoto, kisha wajukuu. Wajukuu wakitimia, wekundu watatu kwa mweupe mmoja, na weupe wote madume.

Siku 10 za desa ni za mahali penye nyuzi 25. Dar es Salaam mwezi wa pili haina habari hiyo. Kiyoyozi cha chumba cha inzi kilikuwa kimekufa tangu enzi za waliotuuzia desa, na madume wa inzi hawa wakilelewa kwenye nyuzi 30 au zaidi huwa tasa. Tulisubiri. Tukachungulia chupa asubuhi na jioni. Madume walikuwa wamekaa kwenye ukuta wa chupa, wamenyoosha mabawa, hawana mpango wowote na maisha. Ilibidi chupa zihamie chumbani kwa mwanakikundi aliyekuwa na feni, ambako tayari watu walikuwa wamebebana, wawili kitanda kimoja. Feni ikaelekezwa kwa inzi. Binadamu wakajipepea kwa desa.

Kisha likaja suala la ubikira. Jike wa inzi hawa akishakutana na dume huhifadhi mbegu zake na kuzitumia muda mrefu, kwa hiyo ukichukua jike asiyejulikana alikotoka, hesabu yote imeharibika. Lazima umtoe chupani mapema, kwa sababu muda wa takriban saa 8 tangu atoke kwenye pupa huwa hapokei dume. Kwa maana hiyo mtu lazima awepo usiku. Zamu yangu ya kurudi na chupa maabara kuwatenga iliangukia usiku wa manane, na ndipo mama akapiga simu.

"Mwanangu, hujalala?"

"Shikamoo mama. Niko maabara."

"Marahaba. Saa hizi maabara unafanya nini?"

"Natenga inzi majike, mama, wasije wakakutana na madume."

Kukawa kimya. Halafu nikamsikia akigeuka upande wa pili: "Baba nani, mwanao anasema analinda inzi wasizini." Sauti ya baba ikaja kwa mbali, nzito, ya mtu aliyeamshwa: "Muulize, ada tunayolipa ndiyo ya kazi hiyo?"

Kuwahesabu inzi kunahitaji wasinzie, na kuwasinzisha kunahitaji etha. Ikizidi, hawaamki tena. Ikipungua, wanaamka wewe ukiwa katikati ya hesabu, umeshafika kwa yule wa macho meupe. Siku ya kuhesabu wajukuu umeme ulikatika, mtu akafungua dirisha tupate mwanga, kizibo cha pamba kikaanguka, na robo ya utafiti wetu ikatoka ikielekea upande wa mgahawa. Chini ya mwembe pale kulikuwa na dada muuza juisi. Saa moja baadaye alikuja mwenyewe maabara, mkononi ana glasi.

"Hawa ni wenu."

Tukamwambia, dada, inzi wa matunda wako kila mahali, hata Mwenge wapo, huwezi kusema ni wetu. Akatuwekea glasi mezani. Juu ya juisi ya embe alielea inzi mmoja, na macho yake yalikuwa meupe. Tuliokuwa tumesoma jenetiki semista nzima tukakosa la kujitetea mbele ya mtu aliyekuwa hajui hata jina la Morgan. Tulilipa juisi. Mmoja wetu akaomba yule inzi arudishwe, aingizwe kwenye hesabu.

Hesabu yenyewe ilitoka karibu watano kwa mmoja. Kikundi cha jirani walitangaza watatu kwa mmoja kamili, bila inzi hata wa chenji. Tukawaonea wivu mpaka mhadhiri aliposimama mbele. Akasema Gregor Mendel katika makala yake ya mwaka 1866 alihesabu mbegu za njegere 5,474 laini na 1,850 zenye makunyanzi, ambayo ni 2.96 kwa 1, na hata hivyo mwaka 1936 mtakwimu Ronald Fisher alizipitia hesabu zake zote akaandika kwamba zinakaribia mno matarajio, huenda kuna mtu alizipamba. "Mendel alishukiwa akiwa ameshafariki miaka mingi," alisema mhadhiri, akawatazama majirani zetu mmoja baada ya mwingine. "Ninyi bado mko hai." Sisi tulipiga kai-skwea yetu, ikavuka 3.84, maana yake tofauti ilikuwa kubwa kuliko ya bahati, na tukapewa nafasi ya kujieleza. Tuliandika kwamba inzi wa macho meupe hawahimili sana mazingira magumu. Kuhusu juisi ya embe hatukuandika.

Ukitoka maabara ukaenda porini, desa linazidi kuwa la hadithi. Kanuni ya kwanza ya ikolojia inasema kipimo kiwekwe kwa nasibu: kile kifremu cha mraba, kwadrati, hukichagulii mahali, nambari za nasibu ndizo zinachagua. Nambari za nasibu hazijui upupu. Zilituelekeza palepale, katikati, kwenye maganda yaliyoiva yenye manyoya ya rangi ya dhahabu. CR akasema tusogeze hatua mbili tu. Mhadhiri akasema ukisogeza umeharibu takwimu. Takwimu hazikuharibika. Manyoya ya upupu yana kimeng'enya kinachowasha ngozi, na kadiri unavyokuna ndivyo unavyoyasambaza, habari ambazo tulizisoma jioni tukiwa tumekaa bila mashati. Katika fomu, chini ya kichwa "Idadi ya mimea ndani ya kwadrati," kuna mtu aliandika: "Inatosha."

Halafu mikoko. Tulikwenda upande wa Bagamoyo kwa basi la chuo, tuna kamba za kupimia, tuna fomu, tuna ufunguo wa utambuzi unaouliza maswali ya ndiyo na hapana: je, mizizi imesimama juu ya magongo? Je, inachomoza kutoka kwenye tope ikiwa imechongoka? Ratiba ilikuwa imepangwa tangu mwanzo wa semista, Jumamosi, saa nne asubuhi. Mzee mmoja mvuvi alikuwa anaziba ngalawa ufukweni. Tulimwamkia, akaitikia, akatuuliza tunakwenda wapi na mikoba ile.

"Mle kwenye mikoko, babu. Tunapima."

"Leo?"

"Ndiyo babu, ratiba."

Akatazama bahari, akatutazama sisi. "Wanangu, jana mwezi ulikuwa mpevu. Leo bamvua. Mtaingia kwa miguu, mtatoka kwa ngalawa."

Bamvua si jambo la kujadiliana nalo. Mwezi mpya na mwezi mpevu jua na mwezi huvuta bahari kwa pamoja, na katika pwani yetu tofauti ya maji kujaa na kupwa siku hizo hupita mita 3. Mhadhiri alikuwa analifahamu jambo hilo vizuri, amelifundisha wiki mbili kabla, lakini aliyepanga mabasi hakuwa mwanafunzi wake. Tukaingia. Tope likachukua kandambili zangu bila kuzirudisha. Tulikuwa tumefika swali la tatu la ufunguo, kikundi kimegawanyika kuhusu umbo la jani, maji yakiwa magotini, tulipomsikia yule mzee nyuma yetu akija taratibu na ngalawa. Hakuhitaji ufunguo. Alinyoosha kasia: ule wenye magongo mkoko, ule mchu, lambeni jani lake mtaona chumvi, ule mkandaa, magome yake watu walitilia rangi nyavu, ule wa mbele kabisa unaopigwa na mawimbi mlilana. Kwa muda wa kuvuka kijito akawa amemaliza kazi tuliyopangiwa kutwa nzima. Wakati wa kuandika ripoti likazuka swali la namna ya kumtaja. Desa lilikuwa na jibu: yule mzee, aliyezaliwa na kuzeekea kwenye mikoko ile, aliingia katika ripoti akiwa "mawasiliano binafsi."

Mtihani wa mwisho, UE, ndiko desa na viumbe vinakokutana uso kwa uso. Swali lilitaka tueleze hatua za uzazi na ukuaji wa chura. Ukumbi mzima tukaporomosha: mayai majini, viluwiluwi, mapezi, miguu ya nyuma, miguu ya mbele, mkia unapotea. Mtoto wa Mlimba akaandika kwamba inategemea ni chura yupi. Akaeleza kwamba jirani na kwao, kwenye korongo la Kihansi, yupo chura mdogo asiyefika sentimita 3, ambaye hatagi mayai kabisa bali anazaa vitoto vilivyokamilika. Kwamba makao yake yote duniani yalikuwa kwenye rasharasha za maporomoko hayo tu. Kwamba maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme mwaka 2000 baadhi ya vyura walipandishwa ndege kupelekwa kulelewa Marekani, mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini wameisha, mwaka 2010 wengine wakarudishwa nchini, na 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni chini ya vinyunyizio vya kutengenezwa. Alijaza kurasa. Akapata nusu ya maksi. Alipokwenda kuuliza, aliambiwa jibu lake ni sahihi kabisa, lakini maksi za nusu nyingine zilikuwa za viluwiluwi.

"Sasa huyu hana viluwiluwi," alilalamika.

"Najua," akajibiwa. "Ila mwongozo wa kusahihisha unavyo."

Likizo ilipofika nilisafiri kwenda kwa bibi Singida, na zoezi la mimea mikavu likanifuata. Kila mwanafunzi alitakiwa akusanye mimea, aikaushe kati ya magazeti, aibandike na kuiandikia majina. Yangu ilikuwa imekaukia chini ya godoro, nikaifunga kwenye boksi. Njiani basi likasimamishwa kwa ukaguzi. Boksi likafunguliwa, majani makavu yakachungulia kutoka kurasa za michezo.

"Hii nini?"

"Mimea, afande."

"Mimea naiona. Ipi?"

"Ocimum gratissimum, afande."

Hapo uso ukabadilika, na mwenzake akaitwa. Nikaendelea kujieleza kwa Kilatini, na kila neno lilinipeleka karibu zaidi na kituo cha polisi. Mama mmoja siti ya nyuma akapenyeza kichwa, akachukua jani, akalifikicha, akanusa. "Mbona ni mvumbasha huu!" Afande naye akanusa. Akanirudishia boksi kwa masikitiko. "Kwa nini hukusema toka mwanzo?" Basi likaondoka, na yule mama akawatangazia abiria kwamba wasinilaumu kwa kuwachelewesha, huyu kijana ni mganga, bado anajifunza tu. Kufika Singida nilikuwa nimeshaulizwa dawa ya mgongo, ya mchango na ya mume asiyetulia.

Nyumbani hali haikuwa tofauti, ila cheo kilipanda. Kule mimi ni daktari. Mjomba alinyanyua suruali akanionyesha goti kabla sijatua begi. Shangazi alitaka nimweleze kwa nini presha inapanda wakija wageni. Nikasema, shikamooni, mimi si daktari, nasoma baiolojia. Mjomba akashusha suruali polepole. "Sasa huyo anatibu nini?"

Kwa heshima yangu alichinjwa kuku. Filigisi ikawekwa mbele ya mjomba, kama inavyostahili, na mimi, katika juhudi ya kuonyesha kwamba ada haikupotea, nikaeleza kazi yake: kuku hana meno, kwa hiyo anameza vijiwe na mchanga, vinakaa humo, na misuli ile minene inasaga kila alichookota, wadudu, mabuu, na chochote kilichokuwa jalalani. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaisogeza filigisi kwenye sahani yangu. Ilikuwa tamu sana.

Bibi peke yake hakuniuliza kuhusu goti wala presha. Asubuhi aliniita bandani. "Mume wangu," maana bibi huniita hivyo tangu nizaliwe, "hao wajuzi wa chuoni wamekufundisha kuku au hawakukufundisha? Kiangazi kilichopita kideri kilifagia banda zima la jirani."

Kwa mara ya kwanza nikaulizwa swali ninalolijua. Kideri ni virusi, hakina tiba. Kinachowezekana ni kuwahi kabla hakijaingia. Ipo chanjo ya I-2, inayovumilia joto kuliko zile za zamani, tone moja kwenye jicho moja, unarudia kila baada ya miezi mitatu, na unawapa kuku wazima, sio waliokwishaanza kuzubaa. Nikaenda mjini, nikainunua kwenye duka la dawa za mifugo. Maelezo ya kwenye karatasi yalisema mshike kuku kwa upole, dondosha, subiri apepese. Majike walipepesa. Jogoo akanipiga teke la kifua, akapitia dirishani, akapanda juu ya paa la jikoni akatangaza mkasa mzima kwa kijiji. Bibi, akiwa anaongea na jirani na bila kukatisha sentensi, alitupa punje za mtama, akamdaka kwa mkono mmoja, akamgeuza jicho juu. "Haya, dondosha."

Kufika adhuhuri uani palikuwa na foleni ya watu, kila mmoja ana kuku kwapani. Chanjo ikifunguliwa haikai muda mrefu, na chupa moja inatosha kuku wengi, kwa hiyo hakuna aliyerudishwa. Jina la daktari likarudi, safari hii likiwa na mipaka yake: daktari wa kuku. Mjomba mwenyewe aliwaelekeza watu njia, goti na yote. Walilipa mayai, wengine matatu, wengine manne, mpaka ungo wa bibi ukajaa.

Bibi akaniuliza lini nitakuja tena. Nikamwambia baada ya miezi mitatu, kinga ikianza kushuka, kama boom litakuwa limetoka. Akauliza boom ni nini. Nikamweleza kwamba ni fedha za mkopo za kujikimu, ambazo mwanafunzi husikia zimeingia, kisha husikia hazijaingia, kisha hupanga foleni kusaini, kisha huambiwa jina lake halipo. Akanisogezea ungo. "Chukua haya, mume wangu. Haya hayasainiwi."